Nani amlipe mzibua mtaro? Kisa cha Bangla-Pesa, Mombasa

Mtaa wa Bangladesh uko Mikindani, Mombasa, upande wa Jomvu. Wakazi wake wengi wanaishi kwa vibarua na biashara za vibandani: mahamri, makaa, maji ya mitungi, kinyozi, cherehani, viatu. Mwezi wa Mei 2013, zaidi ya wafanyabiashara 100 wa mtaa huo walianza kupokezana karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama habari ya wanyonge waliojichapishia hela wakakamatwa na polisi. Ni kweli walikamatwa, na tutafika hapo. Ila kwa mtu anayetaka kuendesha jambo la namna hii, chenye faida zaidi ni swali ambalo karatasi zile zilijaribu kulijibu: kazi ambayo mtaa mzima unaihitaji lakini haina mteja, mshahara wake utoke wapi?

Chukua mtaro. Masika yakiingia mtaro umeziba, maji machafu yanaingia nyumba za pande zote mbili. Kila mtu anataka uzibuliwe. Akipita kijana na koleo akiomba shilingi 50 kila mlango, milango mitatu italipa na kumi itasema "pita kesho", kwa sababu mtaro ukishazibuka umezibuka kwa wote, aliyelipa na asiyelipa. Vijana wakijitolea, watafanya hivyo mpaka siku wapate kibarua cha kulipwa. Mfadhili akilipa, kazi itaishi umri wa mradi. Mchango wa shilingi nao unamgonga mtu katika wiki ile ile ambayo hana shilingi, na anayejua Njaanuari ya Kenya, ada za shule zikishaondoka na mshahara bado uko mbali, hahitaji kuelezwa zaidi.

Katika wiki hizo hizo kavu kuna kitu kingine kinachoonekana kwa macho: mahamri yanalala, kiti cha kinyozi kiko wazi, mwenye mkokoteni amelala kivulini juu ya mkokoteni wake. Bidhaa na nguvu zipo, kinachokosekana ni cha kuzibadilishia. Bangla-Pesa ilijengwa juu ya pengo hilo: mchango wa mtaro ulipwe kwa yale mahamri yanayolala.

Jaribio lililotangulia

Miaka mitatu kabla yake, mwaka 2010, Mmarekani Will Ruddick, mwanzilishi wa shirika la Grassroots Economics, pamoja na wenzake waliendesha Eco-Pesa katika mitaa mitatu ya lokesheni ya Kongowea. Vijana walizoa taka wakalipwa Eco-Pesa, wakanunua kwa wafanyabiashara wa hapo, na nyuma ya karatasi hizo kulikuwa na shilingi za wafadhili. Biashara 75 zilijisajili, takriban tani 20 za taka zilizolewa, na vitalu vitatu vya miche vikaanzishwa na vijana.

Kwa kiasi kidogo cha fedha kilichotumika, hayo ni matokeo mazuri. Kasoro ilikuwa katika muundo. Karatasi inayoweza kugeuzwa shilingi itageuzwa shilingi, maana muuza duka anadaiwa na duka la jumla kwa shilingi. Kila karatasi ikifika kwenye dirisha la kubadilishia, mfuko unapungua, na mfuko ukiisha mzunguko umeisha. Tukiongea bila kuuma maneno, Eco-Pesa ilikuwa ruzuku iliyovaa kanzu ya sarafu.

Bangla-Pesa ilivyofanya kazi

Safari hii hapakuwa na shilingi nyuma ya karatasi wala dirisha la kubadilishia. Kilichosimama nyuma yake ni ahadi ya kila mwanachama kupokea karatasi hizo kwa bidhaa au huduma yake mwenyewe. Anayetaka kuingia alihitaji wanachama wanne wa kumdhamini, watu wanaojua kibanda chake na kinachouzwa pale. Akikubaliwa, kwa jina lake zinatolewa vocha za thamani ya 400: 200 anakabidhiwa azitumie, na 200 zinaingia mfuko wa jamii wa kulipia usafi na shughuli nyingine za wote. Noti zilikuwa za thamani ndogo, 5, 10, 20, ili zitoshe kwa chai na mtungi wa maji. Thamani ililinganishwa na shilingi kwa bei tu: andazi la shilingi 10 ni vocha 10.

Hizo 200 mbili, ya mwanachama na ya mfuko, zinafanya kazi tofauti kabisa, na wengi wanaonakili mfumo huu hukosea kwa kuzichanganya.

200 ya mwanachama ni mkopo usio na riba ambao wenzake wanampa. Anaanza kwa kununua kabla hajauza, kisha anarudisha kwa kuuza. Kwa hesabu ya mwisho hapati kitu wala hapotezi, isipokuwa ile biashara ambayo bila karatasi isingefanyika.

200 ya mfuko ni kodi. Tufuatilie vocha 40 tu. Kijana aliyezibua mtaro analipwa na mfuko, ananunua mahamri na mbaazi ya 40. Mama wa mahamri anazitoa kwa muuza maji, anachukua mitungi. Muuza maji anamnyolesha mwanawe kwa 40. Jioni kinyozi anarudi kwa yule mama kununua mahamri ya kesho asubuhi, na zile 40 zimerudi kwake. Muuza maji ametoa na kupokea sawasawa. Kinyozi pia. Mama ametoa chakula cha 80, amepata maji ya 40, na mkononi ana karatasi za 40. Hiyo tofauti ndiyo mshahara wa mtaro. Kwa wakati huo ameubeba yeye peke yake, na akinunua makaa kwa zile 40 atakuwa ameuhamishia kwa muuza makaa.

Kutokana na hapo unapata kipimo kimoja kinachotosha kusoma afya ya mfumo mzima. Mwanachama alianza na 200 mkononi. Akikutwa na 400, maana yake ametoa bidhaa za 200 zaidi ya alizopata, yaani amelipa sehemu yake ya kazi ya jamii, si zaidi wala pungufu. Kila mtu akikaa karibu na 400, mzigo umegawanyika. Mwenye duka akikutwa na 2,000, amechangia 1,800 pale alipotakiwa kuchangia 200, na kuna wenzake kadhaa ambao mifuko yao ni mitupu: wametumia mwanzo, hawajauza, wala hawajachangia. Wala haina haja ya programu ya kompyuta. Ni kupita vibandani kila mwisho wa mwezi na daftari, kuuliza "una ngapi?", na kuandika.

Mfuko unaisha

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo waandishi wengi wa habari za sarafu za jamii hulipita haraka. Tuseme wanachama ni 120. Mfuko wa jamii umepata 24,000. Vijana kumi wanafanya kazi kila Jumamosi, kila mmoja analipwa 300, yaani 3,000 kwa wiki. Wiki ya nane mfuko umekauka. Vocha zote zipo mtaani zinazunguka vizuri tu, biashara inakwenda, lakini Jumamosi ya tisa hakuna cha kuwalipa vijana. Kugawa vocha za mwanzo ni kodi ya mara moja, na taka ni za kila wiki.

Kishawishi cha kwanza ni kuchapisha nyingine. Ukichapisha 3,000 kila wiki bila ahadi mpya ya bidhaa nyuma yake, baada ya miezi mitatu wanachama wanaanza kusema "leo sipokei", kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa bango. Kamati inayoamua kuchapisha ili ilipe mishahara imeshaanza kuua karatasi yake.

Njia ya pili ni tozo ya kukaa na vocha, ambayo kila mwezi inamega asilimia fulani ya salio na kuirudisha mfukoni. Sarafu, mfumo wa simu uliokuja baada ya karatasi, ulitumia asilimia 2 kwa mwezi. Tozo hii inafaa kwa kusukuma watu watumie badala ya kulimbikiza. Kwa kulipa mishahara haifui dafu: asilimia 2 ya vocha zote 48,000 ni 960 kwa mwezi, na hata theluthi moja ya kazi ya Jumamosi moja haifiki.

Inabaki njia ya tatu, isiyopendeza masikioni: ada. Wanachama 120, vocha 25 kila mmoja kwa wiki, jumla 3,000. Hiyo ndiyo bei halisi ya mtaro, nayo ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Vocha haikuipunguza. Ilichofanya ni kubadilisha kinacholipiwa. Mama wa mahamri aliyeshindwa kutoa shilingi 25 taslimu siku ya Alhamisi anaweza kutoa mahamri mawili na nusu ambayo pengine yangelala. Tofauti hiyo ni kubwa kwake, na ndiyo hoja yote ya kuwa na mfumo huu. Anayeahidi zaidi ya hapo, kwamba vocha italeta kazi ya bure isiyomgharimu mtu, msimpe ufunguo wa sanduku.

Mji wa Wörgl nchini Austria uliwahi kufanya hivi mwaka 1932, wakati wa mdororo mkubwa, chini ya meya Michael Unterguggenberger. Ulilipa ujenzi wa barabara na kazi nyingine za mji kwa hati zake wenyewe, zenye tozo ya asilimia 1 kwa mwezi, mpaka benki kuu ilipozima jambo hilo mwaka 1933. Tozo ndiyo inayotajwa sana. Kinachosahaulika ni kwamba wakazi waliruhusiwa kulipia kodi za mji kwa hati hizo, na waliokuwa na malimbikizo wakalipa. Hati ilikuwa na mahali pa lazima pa kurudi. Mtaa wa mabanda hauna ofisi ya kodi. Kinachoweza kukaa nafasi hiyo ni mwenye nyumba anayekubali sehemu ndogo ya kodi ya chumba kwa vocha, au shule ya mtaani inayokubali hivyo kwa ada ya chakula cha mchana. Mmoja tu wa aina hiyo ana uzito kuliko vibanda 20 vipya vya mboga.

Droo ya mwenye duka

Hitilafu inayotokea kuliko zote haitoki kwa wadanganyifu. Inatoka kwenye unga.

Kijana aliyelipwa 300 Jumamosi anataka unga, mafuta na sukari. Vyote viko dukani, na duka ndilo lisiloweza kupokea vocha nyingi, kwa sababu bidhaa zake zote zimenunuliwa kwa shilingi. Tuseme paketi ya unga imenunuliwa 180 inauzwa 190. Akiiuza yote kwa vocha amepata karatasi za 190 na amepoteza shilingi 180 za kurudi nazo kwa jumla. Paketi kumi za namna hiyo na rafu imebaki na nafasi ambayo hawezi kuijaza. Atafanya mambo mawili: atasema vocha zimejaa, au atapandisha bei kwa mwenye vocha. La pili ni baya zaidi, maana siku hiyo vocha 10 imeacha kuwa sawa na shilingi 10 mtaa mzima.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kila mwanachama ni kwamba sehemu anayopokea kwa vocha isizidi sehemu ya bei ambayo si gharama ya shilingi. Kinyozi gharama yake ni umeme, wembe na kodi ya banda. Anaweza kupokea nusu au zaidi. Mama wa mahamri ambaye katika kila mauzo ya 100 ametumia 60 kwa unga, mafuta na makaa ya kununua, mpaka wake ni 40. Fundi wa viatu, msusi na mwenye mkokoteni wana nafasi kubwa. Mwenye duka wa unga ana nafasi finyu mno, na asilazimishwe kuonekana mwema. Kiwango cha kila mmoja kiandikwe kwenye kadi na kubandikwa kibandani: "Vocha: mpaka 40 kwa kila 100". Mteja analipa 60 shilingi na 40 vocha, na hakuna ugomvi.

Sheria ya pili ni kumtafutia mwenye duka mahali pa kuzitumia kabla hajajaa. Kaa naye uandike kila anacholipia kwa mwezi: mlinzi wa usiku, chakula cha mchana cha msaidizi wake, mkokoteni wa kubeba magunia kutoka jumla, fundi wa rafu, masomo ya jioni ya watoto. Ukipata vinne vinavyoweza kulipwa vocha hata nusu, droo yake itafunguka. Usipopata hata kimoja, usimsajili. Anaumia yeye, na karatasi zinakwama.

Sheria ya tatu inachukua muda mrefu zaidi na ina faida kubwa zaidi: kuingiza wazalishaji wenyewe. Mtaa ambao kila chakula kinatoka nje kwa lori una duara dogo. Ukiwa na mwenye kuku wa mayai, mwenye kisamvu na mchicha, mwenye kinu cha kusaga mahindi, duara linapanuka. Ndiyo maana kazi ya Grassroots Economics iliendelea kusogea kuelekea vijiji vya Kwale, ambako chakula kinalimwa na wale wale wanaokila.

Polisi

Mwisho wa Mei 2013, wiki chache baada ya uzinduzi, polisi waliwakamata Ruddick, aliyeshiriki kuanzisha Bangla-Pesa pia, na wanachama watano. Mombasa ya wakati huo ilikuwa na joto la siasa. Kundi la MRC (Mombasa Republican Council) lilikuwa likidai Pwani ijitenge, na habari za mtaa wenye "pesa yake" zikasomwa kwa jicho hilo. Walishtakiwa kwa makosa yanayohusiana na kughushi noti. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo mashtaka yakaondolewa, na baadaye vocha zikarudi mtaani.

Somo la kisheria ni fupi. Katiba ya Kenya, kifungu cha 231, inaipa Benki Kuu kazi ya kutoa sarafu ya nchi. Vocha ya bidhaa ni kitu kingine, kama kuponi ya duka, mradi isijifanye noti. Kwa vitendo: jina lisiwe na neno pesa wala shilingi, karatasi isifanane na noti kwa rangi, ukubwa wala picha, na isiwe na nembo ya taifa, iandikwe waziwazi kwamba ni vocha ya bidhaa kwa wanachama na haibadilishwi fedha taslimu, kundi liwe limesajiliwa, lina katiba na orodha ya wanachama, na chifu, afisa wa maendeleo ya jamii na kituo cha polisi wapewe barua na sampuli kabla ya siku ya uzinduzi. Barua yenye muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe na mweka hazina. Haya hayamkingi mtu na kila kitu, lakini yanabadilisha mazungumzo ya saa ya kwanza kituoni.

Kutoka karatasi hadi simu

Baada ya Bangla-Pesa zilifuata karatasi za mitaa mingine, ikiwemo Gatina-Pesa ya Kawangware, Nairobi, kisha mfumo ukahamia kwenye simu kwa jina la Sarafu, ukitumika hata kwa kabambe, simu ndogo isiyo na intaneti. Janga la korona lilipofika mwaka 2020, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilishirikiana nao katika mtaa wa Mukuru, Nairobi, na idadi ya watumiaji ikaruka. Takwimu za miamala ya Januari 2020 hadi Juni 2021 zina akaunti takriban 40,000. Watafiti waliozichambua waliona kwamba mzunguko ulibaki ndani ya maeneo: watu wa Kwale walibadilishana na wa Kwale, wa Mukuru na wa Mukuru, ingawa sarafu ilikuwa moja.

Hilo halikupaswa kumshangaza mtu. Ahadi ya muuza maji wa Mukuru haina maana kwa mkulima wa Kinango, Kwale. Baadaye mfumo ulifuata ukweli huo: badala ya Sarafu moja ya wote, kila kikundi sasa kinaweza kutoa vocha yake, chenye kuitolea hesabu ni kikundi chenyewe, na vikundi vinavyoaminiana vinaweka vocha zao katika kapu la pamoja lenye kikomo kwa kila moja. Ni sura ya kisasa ya mweria, desturi ya Wamijikenda ya kulimiana mashamba kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, inayofanana na mwethya wa Wakamba na msaragambo wa Wapare. Tofauti ni kwamba katika mweria deni linakumbukwa vichwani na kati ya watu wale wale. Vocha inamruhusu anayekudai siku ya palizi amwachie deni hilo fundi wa paa lake.

Simu ina faida ya daftari linalojiandika, na ina hatari zake. Anayegawa salio la mwanzo kwa kila laini atarajie laini nyingi kuliko watu. Wale wadhamini wanne wa karatasi walikuwa kinga bora kuliko namba ya siri. Na mfadhili anapoingia kununua vocha kwa shilingi, watu wanaanza kufukuzia dirisha lake badala ya kufukuzia wateja. Ni Eco-Pesa tena, safari hii kwenye simu.

Kazi gani inafaa kuanza nayo

Kisa hiki kinaonyesha mpaka kati ya aina mbili za kazi zisizo na faida, na ni vizuri kujua unashika ipi.

Kulea watoto wa wauza mboga kuanzia alfajiri kuna mnufaika anayejulikana. Mama analeta mtoto, analipa vocha 30 kwa siku, mlezi anakula na kunywa kwa wanachama wale wale. Hapa hakuna haja ya mfuko wa jamii hata kidogo. Kazi ilikuwa hailipwi kwa kuwa shilingi hazikuwepo asubuhi ile; vocha inatosha. Ndivyo ilivyo kwa masomo ya jioni, kushona sare, kumwosha na kumpikia mgonjwa aliye na jamaa. Anza na hizi. Zinajenga mazoea ya kupokea kabla hujawaomba watu ada.

Mtaro, taka, miche ya kando ya barabara na maktaba ya watoto havina mnufaika mmoja. Bila ada havisimami, vocha au si vocha. Na hata ada ikilipwa, kuna sehemu ya gharama ambayo vocha haigusi. Timu ya vijana kumi inahitaji glavu, buti, magunia, koleo, na tuktuk ya kupeleka taka mahali zinaporuhusiwa kumwagwa. Hizo ni shilingi. Bajeti iandikwe kwa safu mbili tangu mwanzo, vocha upande huu na taslimu upande ule, na safu ya taslimu iwe na chanzo chake: chupa za plastiki na chuma chakavu vinavyouzwa na timu yenyewe, shilingi chache kutoka kwa wenye nyumba za kupangisha, au vifaa kutoka kaunti. Timu nyingi husambaratika wakati safu ya vocha bado imejaa, kwa sababu glavu zimechanika na mmoja amechomwa na sindano iliyotupwa kwenye taka.

Kiasi cha kutoa kipimwe kwa bidhaa zinazolala, si kwa ukubwa wa ndoto. Kwa wiki mbili kila mwanachama mtarajiwa aandike jioni kilichobaki au saa alizokaa bila mteja. Ikionekana wastani wa kilicholala ni thamani ya 200 kwa wiki, basi 400 kwa mwanachama ni bidhaa za wiki mbili, na ni kiwango cha kuanzia chenye busara. Kisha chora duara kwenye karatasi kubwa: nani ananunua kwa nani. Mwenye mishale ya kuingia mingi na wa kutoka mmoja ndiye atakayejaa. Mwenye mishale ya kutoka tu ndiye atakayemaliza zake na kupotea.

Huyo anayepotea apangiwe sheria kabla hajapotea. Mwanachama akihama au akifunga kibanda, anatakiwa arudishe 400. Akiondoka bila kurudisha, mtaani zimebaki karatasi za 400 zisizo na bidhaa nyuma yake. Wadhamini wanne wanaziba, kila mmoja 100, kwa kuzipokea kwa bidhaa zao na kuzikabidhi kwa kamati zifutwe. Mdhamini aliyewahi kulipa 100 mara moja huwa mwangalifu sana na saini yake, na orodha ya wanachama inakuwa safi bila kamati kugombana na mtu.

Kamati nayo iwe na njia ya kufunga. Ikitokea kwa miezi mitatu mfululizo zaidi ya nusu ya vocha zimekaa kwa watu watano au sita, na hao wameshatafutiwa matumizi bila mafanikio, mfumo umesimama hata kama hakuna aliyetangaza. Toa taarifa ya siku 30. Simamisha ada na malipo ya mfuko. Kilichobaki kwenye mfuko kikatwe vipande kwanza mbele ya wote, maana kazi yake bado haijafanywa, na kiwango cha kurudisha kishuke kwa kila mwanachama sawasawa: kama mfuko umebaki na 6,000 kwa wanachama 120, kila mmoja anadaiwa 350 badala ya 400. Walio pungufu ya hapo wauze kwa waliojaa, kwa bidhaa, katika siku mbili au tatu za soko zilizopangwa kwa ajili hiyo tu. Siku ya mwisho kila mmoja akabidhi alizonazo, pungufu ya waliotoroka iwaendee wadhamini, karatasi zikatwe, na jumla iliyokatwa iandikwe kando ya jumla iliyotolewa, ikiwa na saini za mwenyekiti, mweka hazina na mwenye duka aliyekuwa na nyingi kuliko wote.